Kilichokohoa Chini ya Mfuniko

Sinki lilikohoa. Halikunguruma kama yanavyonguruma masinki ya mtaa wao wa International City, Dubai, jirani akimwaga maji. Lilikohoa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtoto. Najla, mwenye mimba kubwa, akaacha kuosha mchele.

"Mubin, umesikia?"

"Mabomba hayo," mumewe alijibu, jasho likimtoka mbele ya kiyoyozi.

Mubin alikuwa Izraili wa mende: mzaliwa wa Lamu, kazi yake kupiga dawa. Nyanya yake alimfunza kwamba hata maji ya moto hayamwagwi shimoni kabla ya kuwaomba wenyewe, majini wa humo, wapishe. Basi katika kila jiko la Dubai aliinama kwanza, akanong'ona, "Tupisheni, jamaa, tuna kazi." Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Lakini juzi, kwenye bweni la wafanyakazi huko Al Quoz, wakaguzi wa afya wakiwa njiani, mwenzake Ahmadi alipiga kelele, "Yalla, haraka, sheikh! Unawaombea mende viza?" Kicheko kikapasuka. Mubin akaona haya, akamimina dawa shimoni bila neno. Chini kitu kikakohoa. Akafunika mfuniko, akausimamia kwa miguu yote miwili hadi kikanyamaza.

Jiko likapasi ukaguzi.

Sasa kikohozi kilikuwa kwake. Mubin hakumwambia Najla kitu. Alikimbilia Al Qusais kwa Bi Amne, mganga wa Kiunguja, ambaye alimnusa shati tu.

"Ulisikia, mwanangu?"

"Nilisikia, Bi Amne."

"Ukafungua?"

"Nilifunika."

"Basi kafungue. Kawaombe radhi."

Akarudi Al Quoz jua la utosi, bweni zima likiwa kazini, na kadiri alivyolikaribia lile jiko tupu ndivyo harufu ya dawa ilivyozidi, ikichanganyika na udi na maziwa yaliyochacha, na nyayo ndogo zikamfuata ndani ya ukuta, nyuma ya vigae, zikisimama aliposimama, mpaka akapiga magoti, akainua mfuniko, akasema, "Nisameheni, nilisikia," na pumzi baridi ikampita usoni, ikapanda begani, ikatulia hapo, nyepesi kama kitoto kinachobebwa kupelekwa nyumbani.

Alipofungua mlango wake, bega likawa tupu. Sinki kimya. Akacheka peke yake kama mwehu, akamwita mkewe aje wale.

Najla alikuwa kitandani, viganja juu ya tumbo, macho yamemtoka.

"Mubin," alinong'ona, "watoto hukohoa tumboni?"