Jina Nililolifuta

"Jina langu liko wapi, Zaid?"

Kulthum alinitupia karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta kupitia dirisha la mapokezi, pale zahanati ya Kalimoni alikokuwa karani. Wagonjwa watatu kwenye benchi wakaacha kukohoa ili wasikie vizuri.

"Kul, tutoke nje kidogo."

"Tuongelee hapa hapa. Hii programu ya kadi za wagonjwa tuliandika sisi wawili, kila Jumamosi, miaka miwili. Juu ya kila faili tukaweka majina mawili na leseni: yeyote aitumie, aibadilishe, agawie wengine, bure. Sasa naona lako tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kampuni ya kompyuta niliyofanyia kazi mjini Thika, ya Bwana Amrik, ilikuwa imenunuliwa na watu wa Johannesburg mwezi huo, Machi 1999. Waliitaka na programu yetu, na waliitaka iwe na mmiliki mmoja. Nikafuta jina la Kulthum, nikasaini kwamba yote ni kazi yangu. Mimi, mwanamume mwenye akili timamu, nilifanya hivyo kwa mkono wangu.

"Wangenifuta kazi," nikasema. "Na harusi yetu ni Juni."

"Si ungeniuliza tu? Ona, hao wanunuzi wametuandikia barua. Zahanati zote, kutoka Murera mpaka Ruiru, tulipie ama tuache kutumia. Mimi ndiye niliwaambia watu ni ya bure milele. Nitawaambia nini?"

"Nitaongea na Amrik."

"Ongea na yeye. Na mimi usiongee tena."

Siku nne nilipiga simu zahanati. Siku nne muuguzi alinijibu, "Amesema hayuko," na nyuma yake nilimsikia Kulthum akiwaita wagonjwa kwa majina. Siku ya tano niliingia ofisini kwa Amrik bila kubisha.

"Mzee, nilidanganya kwenye ile karatasi. Nusu ya programu ni ya Kulthum, na hajawahi kuajiriwa hapa."

Amrik alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"So nimeuzia watu kitu si yangu. Zaid, unataka kuniua?"

"Na kopi tulizokwisha kugawa kwa ile leseni haziwezi kufungwa sasa ziwe za kulipiwa. Hizo barua ziondolewe."

"Barua nitaongea ziondolewe. Lakini wanataka kufunga zile mpya watatoa mbele, na bila sahihi yake hawawezi." Akanisukumia fomu ya Kulthum kuachia haki yake. "Asaini, job yako iko. Akikataa, kijana, mimi siwezi kukusaidia."

Nilifika kwao Kulthum, mtaani Kiuu, jioni. Alifungua mlango nusu. Nikampa ile fomu, nikamweleza yote, hata hilo la kazi.

"Kwa hivyo umekuja nisaini."

"Nimekuja kukuomba usisaini. Nilikukosea, Kul. Nakupenda, na nimeshindwa kuishi na nilichofanya."

Alisoma fomu mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia bila alama ya kalamu.

"Kesho mpelekee Amrik, mwambie nimekataa."

"Sawa. Na sisi?"

"Baba hajui bado. Kuja Ijumaa baada ya swala, umwambie mwenyewe ulichofanya, na umwambie huna kazi. Nitakuwa nimekaa kando yako."