Bomba Lenye Njaa

Asubuhi Khaemba alimwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba yake, Bungoma. Mboga zilinawiri. Lakini ndani ya nyumba kitanda cha Edah kilikuwa kitupu. Bintiye alikuwa amelazwa hospitalini kwa taifodi.

Jioni alimsimamisha jirani yake, Chepkemei, aliyehamia hapo kutoka Kitale. Chepkemei alifanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji.

"Nyinyi watu wa maji mnataka kuua mtoto wangu. Ati mnasafisha. Mnasafisha nini?"

"Uliza vizuri, Baba Edah."

"Mtoto yuko na dripu, nyinyi mnakula mshahara. Niulize vizuri aje?"

Chepkemei aliweka kikapu chini. Sasa naye alikasirika.

"Tunavuta maji mtoni yakiwa tope. Tunatia dawa, tope linashikana, linazama. Tunachuja maji kwa mchanga. Mwisho tunatia klorini, inaua viini vya magonjwa. Yanapanda kwenye tangi, yanateremka kwa mabomba mpaka kwako. Yakifika yananuka klorini kidogo. Yako yananuka?"

Nasike, mke wa Khaemba, alijibu kutoka mlangoni. "Yetu hunuka mtaro."

"Basi twende mtaroni."

Khaemba hakutaka kwenda. Nasike alikuwa ameshatangulia.

Bomba kubwa la mtaa lilipita ndani ya maji machafu ya mtaro. Lilikuwa na tundu lililochomekwa mpira wa kumwagilia, likafungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Nani alitoboa?" Chepkemei aliuliza.

"Si ni mimi," Khaemba alisema. "Ya kumwagilia mboga tu, bana. Maji inatoka nje kwa nguvu. Uchafu utaingia aje?"

"Maji yakiwa yamefunguliwa, yanatoka. Siku ya mgawo tukifunga, yaliyo ndani huteremka kwa nyumba za chini. Bomba linabaki na njaa. Linanyonya chochote kilicho karibu."

Siku hiyo maji yalikuwa yamefungwa tangu mchana. Chepkemei alichukua jivu jikoni kwa Nasike, akalimwaga karibu na tundu. Jivu lilizunguka, likaingia chini ya tyubu.

Kesho yake maji yalifunguliwa. Nasike alikinga gilasi, akaiweka mbele ya mumewe. Jivu lilielea ndani.

"Kunywa."

Khaemba hakuigusa.

"Edah alikunywa," Nasike alisema.

Khaemba alikwenda mwenyewe ofisi ya maji, akasema alichofanya. Mafundi walikata kipande kibovu, wakainua bomba juu ya mtaro, wakaliosha kwa klorini. Nasike alichemsha maji ya kunywa mpaka mafundi waliposema yako salama. Mboga zikawa zinanyweshwa maji ya mvua.

Kisha Khaemba alianza kugonga milango ya wengine waliotoboa. Kemboi, muuza nyama, alimcheka.

"Jana mwizi, leo polisi?"

"Ndiyo. Nicheke ukitaka. Lakini toa mpira wako kwa bomba, kabla mtoto wako hajalala pale wangu amelala."

Kemboi aliacha kucheka. Aliutoa.

Edah alirudi amekonda. Aliomba maji, akakunja uso.

"Baba, hii inanuka dawa."

Khaemba alichukua kikombe, akanusa kwa muda mrefu, akamrudishia.

"Kunywa, mama. Wacha inuke."