Ngozi Iliyoota Juu ya Jani

"Nimekuja kujitoa," fundi cherehani alisema.

Mkuu wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alishtuka.

"Kujitoa kwenye utafiti? Leo? Dada yangu, wakaguzi wanakuja kesho!"

"Najua. Fomu niliyotia sahihi inasema naweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na kilichotoka mwilini mwangu kiteketezwe mbele yangu. Au nimesoma vibaya?"

"Hujakosea," mama akajibu kwa unyonge, akanyanyua simu ya mezani.

Hazikupita dakika mbili, mtafiti akaingia mbio, koti jeupe likipepea. Na huyu ndiye mchumba wake, jamani! Miezi minane ya "mpenzi, umekula?" Miezi minane ya kulibusu kovu la moto lililomkaa fundi tangu utotoni, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. Alimtoa kipande cha ngozi, akakiotesha juu ya jani la spinachi lililooshwa kwa sabuni siku nyingi mpaka ukijani ukaisha, ikabaki mishipa mitupu. Ngozi za watu wengine kumi na mmoja zilioza. Yake ikashika. Wiki tatu mbele ingepandikizwa palepale begani kwake.

"Mpenzi, nani kakuudhi?"

Fundi akamsukumia simu usoni.

"Soma. Kwa sauti, na mama huyu asikie."

Akasoma: "'Mama, punguza presha. Huyu wa kuungua ni wa kazi tu, nikimwacha sasa atanisusia. Ukaguzi ukipita namleta yule mchumba mwenyewe.'"

Chini yake mama mkwe mtarajiwa, aliyeandikiwa ujumbe huo, alikuwa ameongeza: "Nakutumia usome mwenyewe, binti. Usije ukasema sikukwambia."

"Unamjua mama yangu na maneno yake..."

"Maneno ni yako. Yeye katuma tu."

"Nilikuwa namtuliza! Hakutaki, ningefanyaje?" Akapiga magoti sakafuni. "Nakuoa, wallahi. Hata keshokutwa!"

"Keshokutwa, wakaguzi wakishaondoka?"

Mama wa maabara akageukia dirishani kwa aibu. Lakini fundi, masikini, bado alimpenda. Ndiyo maana akampa nafasi.

"Sawa. Ilete hiyo ngozi, uimwagie klorini kwa mkono wako. Kisha tutoke hapa tukaoane leo hii. Mimi nitabaki na kovu langu, wewe utabaki na mimi."

Akaileta. Ilikuwa kwenye sahani ya kioo, nyeupe, pana kama kiganja. Akafungua chupa ya klorini. Akaitazama sahani, akaitazama chupa, akaitazama sahani tena.

"Niombe kingine chochote."

"Sina kingine."

"Miaka sita ya maisha yangu! Na kuna watoto wameungua, wako wodini, wanaisubiri njia hii!"

"Hata mimi nilikuwa mtoto niliyeungua," fundi akasema. "Hukunionea huruma. Mama, mwaga."

Mama wa maabara akavaa glavu. Akamwaga taratibu, hana namna, utaratibu ni utaratibu. Ile ngozi ikajikunja, ikageuka uji. Mtafiti akashika ukingo wa meza, akaangua kilio cha mfiwa. Fundi hakuwahi kuona chozi la mwanaume huyu hata siku moja.

"Umejikomoa mwenyewe!" mtafiti akamfokea. "Hiyo ilikuwa ngozi yako! Hakuna atakayekutengenezea nyingine!"

"Najua."

Akachukua mkoba wake, akaenda mpaka mlangoni. Pale akasimama. Mungu amsamehe, alikuwa bado anangoja kuitwa, hata kwa matusi, ilimradi aitwe.

Nyuma yake sauti ya mtafiti ikasikika, imepoa sasa, ikimuuliza mama wa maabara kama hakuna hata kipande kimoja kilichosahaulika kwenye friji.