Gari la Kumtosha Gonta

Kitu cha kwanza alichokiona Chizuru ni taulo. Mwanamume mwenye koti la kijani alipiga goti kwenye theluji nyembamba ya Novemba, akamfuta mbwa wake miguu yote minne, mmoja mmoja, mpaka katikati ya vidole, kabla ya kufungua mlango wa gari ambalo wala halikuwa lake. Alipofika mguu wa nne aligeuza taulo, akatumia upande mkavu.

Wateja wengine hawakuwa hivyo. Ilikuwa Jumamosi ya mauzo, na yadi ya magari ya Mzee Kurosaka ilijaa watu waliokumbuka wote kwa pamoja kwamba baridi ya Sapporo imeshafika. Watu walipiga matairi mateke, watoto walipanda viti na viatu vyao, akina baba walifungua boneti na kutikisa vichwa kama mafundi. Chizuru aliwafuata nyuma na ndoo. Alikuwa na ovaroli la bluu, buti za mpira, na kofia nyekundu ya sufu iliyomfunika mpaka nyusi. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kusafisha magari yaliyotumika, na kwa miaka sita alikuwa amejifunza kupita katikati ya wateja bila kuonekana.

Mbwa aliitwa Gonta. Alikuwa mweupe, mwenye manyoya kama godoro lililopasuka, kilo hamsini na mbili.

"Karibu, karibu!" Mzee Kurosaka alikuja akisugua mikono. "Gari la familia, sivyo? Watoto wangapi?"

"Sina," alisema yule mwanamume.

"Mke?"

"Bado."

"Sasa kaka, viti saba vya nini?"

"Mama yangu, dada yangu na wanawe wawili. Kila Jumapili tunakwenda mlimani kuteleza kwenye theluji. Na skii zetu. Na huyu."

Mzee Kurosaka alimtazama Gonta kuanzia pua mpaka mkia. "Huyu siyo mbwa. Huyu ni abiria wa viti vitatu."

Akawapeleka moja kwa moja kwenye gari jeusi, refu, lililong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Gonta aliweka miguu ya mbele ndani, akabaki hapo, nusu ndani nusu nje. Mwanamume akamsukuma makalio. Mbwa akaguna.

"Hilo siyo," ilisema sauti ndogo.

Wote wawili waligeuka. Chizuru alitamani kuingia ndani ya ndoo yake.

"Unasemaje wewe?" aliuliza bosi.

"Sakafu yake iko juu mno." Alikuwa anaongea na ndoo. "Mguu wa nyuma wa kushoto anauburuza kidogo. Akipanda na kushuka humo kila Jumapili, ikifika Machi nyonga zitakuwa zimekwisha. Halafu hewa ya moto ya nyuma inapuliza palepale atakapolala. Na manyoya hayo, atahema njia nzima."

Mwanamume aliacha kulitazama gari. "Daktari wake alichukua miezi miwili kuuona huo mguu. Wewe umeuonaje?"

"Nilikuwa natazama miguu tu," alisema Chizuru, akaondoka karibu akikimbia, maji yakimrukia magotini.

Jina la mwanamume lilikuwa Ryohei Nishikado, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Jumamosi iliyofuata alirudi, akampita bosi, akamtafuta mwenye kofia nyekundu.

"Dada, nifundishe kuchagua gari."

Basi akamfundisha. Akamwonyesha namna ya kuinua zulia la sehemu ya mizigo nyuma na kutia mkono kwenye shimo la tairi la akiba, kuangalia kama kuna maji yaliyojificha. Akamlaza chini ya gari na tochi kuona chumvi ya barabarani ilivyokula chuma. Akamwambia anuse mikanda ya viti, kwa sababu viti huoshwa lakini mikanda husahaulika, na mkanda hausemi uongo. Akiongea habari za magari alisahau kuona haya. Ryohei alisikiliza huku mdomo umemwachama kidogo.

"Unajua vitu vingi namna hii, na bado unashika ndoo?"

"Ndoo ndiyo iliyonifundisha."

Magari matatu Chizuru aliyakataa. Mzee Kurosaka akamnong'oneza kwa hasira ya kuchekesha: "Binti, unaniuzia au unanifilisi?"

Katikati ya wiki Ryohei akaanza kupiga simu saa ya chakula cha mchana.

"Halo? Unakula nini?"

"Wali. Na yai."

"Yai peke yake? Masikini yai."

"Umepiga kuuliza gari au yai?"

"Gonta ndiye anayeuliza. Mimi natafsiri tu. Anasema ile sauti ndogo imempotea tangu Jumamosi, hali chakula vizuri."

"Mwambie Gonta aache uongo. Manyoya yote yale, hawezi kuwa amekonda."

Kwenye chumba cha matairi Chizuru alicheka peke yake, akaziba mdomo kwa glavu.

Mnamo Desemba lilikuja gari la kijivu. Halikuwa na mng'aro wowote. Lakini sakafu yake ilikuwa chini, milango ya kuteleza ipo pande zote mbili, magurudumu yote manne yanasukuma, na kiti cha katikati kinalala kabisa, kiasi kwamba skii za watu watano zinapita ndani kwa urefu, bila kupandishwa paani. Gonta aliingia mwenyewe, akazunguka mara mbili, akajitupa chini na kufumba macho. Ryohei akaingia akalala pembeni yake na koti lake la kijani.

"Chizuru," alisema akiwa chali, "hili ni jumba."

Walilijaribu pamoja mpaka Teine, kwenye barabara ya kupanda mlima. Siku hiyo Chizuru hakuvaa ovaroli. Alivaa sweta la rangi ya haradali na nywele zake alizifungua, na Ryohei akakosea gia. Gari lilipanda theluji kwa utulivu kama ng'ombe aliyezoea njia. Huko juu wakala mchuzi wa kari, wa moto hata miwani ya Ryohei ikafunga ukungu.

"Utateleza na sisi Jumapili?"

"Sijui skii."

"Mtu wa Hokkaido hajui skii!"

"Mimi ni wa Obihiro. Kwetu shuleni tulifundishwa kuteleza kwa viatu vya barafu. Nipe uwanja wa barafu nikuache hapo umekaa chini unalia."

Ryohei alicheka mpaka akaweka kijiko. Kisha akamtazama kwa namna ambayo Chizuru alikwenda nayo nyumbani, kwenye chumba chake juu ya duka la dobi.

Ryohei aliamua kulinunua; zikabaki karatasi. Mtu haruhusiwi kumiliki gari mpaka athibitishe kwa polisi kwamba lina mahali pa kulala karibu na nyumba yake, na mwenye gari huchora ramani mwenyewe: nyumba hapa, maegesho pale, upana na urefu. Kuzipeleka ilikuwa kazi ya Chizuru. Ryohei alimkabidhi bahasha kwa mikono miwili, masikio yamemwiva.

"Iangalie vizuri ukiwa peke yako," alisema. "Tafadhali."

Aliifungua ofisini. Anwani haikuwa ya Sapporo. Ilikuwa ya Furano, mwendo wa saa mbili na nusu, kulikojaa milima ya kuteleza. Anahama. Na kwenye ramani, pembeni ya mstatili mkubwa wa gari la kijivu, palikuwa na mstatili mwingine mdogo, mita tatu na nusu kwa moja na nusu. Chizuru aliujua ukubwa huo bila kupima. Ni wa vile vigari vya namba za njano ambavyo nusu ya wanawake wa Hokkaido huendea sokoni, yeye mwenyewe akiwemo. Hakuna mwanamume anayechora nafasi ya kigari kile kama hakuna mwanamke atakayekiegesha.

Kwa hiyo yupo, aliwaza. Amekuwepo muda wote, huko Furano. Mimi nilikuwa mwalimu wa magari tu.

Jioni ile simu ilitikisika. *Umeiona ramani?*

Alikaa nayo mkononi robo saa. Akaandika: *Nimeiona. Vipimo viko sawa.*

*Ndiyo hivyo tu?*

*Ndiyo. Hongera.*

Ryohei hakuandika tena. Alipiga mara mbili, Chizuru akaiacha simu iite. Siku ya tatu haikuita. Ilipotimia wiki, Mzee Kurosaka alisimama mlangoni mwa karakana.

"Siku hizi unaosha magari kama unayachapa viboko. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, bosi."

"Haya. Kesho zipeleke zile karatasi Furano. Polisi wa kule gari litakakolala ndio wanaopokea. Ulitakiwa kuzipeleka wiki iliyopita."

"Tungezituma kwa posta."

"Tungezituma, lakini nimechoka kukuona."

Alikwenda na kigari chake cha namba ya njano, theluji ikipiga kioo. Karani wa polisi, mama mnene mwenye miwani shingoni, aliitandaza ramani mezani.

"Amechora vizuri huyu. Mpaka mti ameuwekea majani. Lakini hiki kidogo hapa, ni gari la nani?"

"Sijui."

"Utajuaje usipouliza? Namba yake haikuandikwa. Mkaguzi akikuta nafasi zimebanana atakataa yote mawili. Si mbali, mama. Nenda kaulize, urudi kabla ya saa kumi."

Chizuru aliifuata ramani kwa moyo mzito. Duka la mikate, lilikuwepo. Sanduku la posta, lilikuwepo. Mti, ingawa hauna majani sasa. Kisha nyumba ndogo ya paa la bluu, na mbele yake Ryohei na beleshi, bila kofia, jasho linamfuka moshi kichwani. Nafasi kubwa ilikuwa bado imefunikwa theluji mpaka magotini. Alikuwa anafukua ile ndogo.

Gonta alimwona kwanza. Alibweka mara moja tu, akaja na kumwegemea kwa uzito wake wote.

"Polisi wanauliza," alisema Chizuru kwa haraka, kabla sauti haijamkimbia. "Nafasi ndogo ni ya nani? Wanataka namba ya gari lake."

Ryohei alisimama na beleshi. "Wanauliza polisi, au unauliza wewe?"

"Polisi."

"Basi waambie sijui kama mwenyewe anaitaka. Nilimchorea ramani, akanijibu vipimo viko sawa. Akanipa na hongera." Alicheka kicheko kisicho na raha. "Nimekuwa nafukua theluji ya nafasi ya mtu aliyekataa. Kila siku inajaa, kila siku nafukua. Hata mama yangu ananiona nimerukwa na akili."

Chizuru alitazama mstatili wa ardhi nyeusi. Akageuka kutazama kigari chake barabarani. Akaurudia mstatili.

"Ni yangu?"

"Wewe ulidhani ya nani?"

"Nilidhani kuna mwanamke."

"Yupo! Amesimama hapo na kofia nyekundu, ameegesha barabarani wakati nafasi yake imefukuliwa!"

"Kwa nini hukusema kwa mdomo?"

"Nikisema kwa mdomo wewe unakimbia na ndoo. Nilisema moyoni, karatasi haimtishi mtu, atakuwa na muda wa kufikiri." Alichomeka beleshi kwenye theluji. "Nimepata kazi kliniki ya meno ya hapa. Nyumba nimeipata hii, ina ngazi moja tu, kwa ajili ya nyonga za Gonta. Mama na dada watakuja kila Jumapili. Na yadi ya magari ipo karibu na stesheni, nimewauliza, wanatafuta mtu anayejua. Usiponitaka mimi, basi wao wasikukose."

Chizuru alicheka, na machozi yakatoka wakati huohuo. Akayafuta kwa glavu.

"Usinyamaze tena," Ryohei alisema kwa upole. "Sema chochote. Sitakukatiza."

Theluji iliwaangukia wote watatu. Chizuru hakuongea na ndoo, kwa sababu hakuwa nayo. Alimtazama usoni.

"Ninaishi peke yangu tangu nilipotoka Obihiro," alisema. "Nikirudi saa kumi na mbili au saa tatu, ni sawa tu, hakuna anayejua. Nataka nikichelewa kurudi, kuwe na mtu wa kuniuliza nilikuwa wapi. Nataka uwe wewe."