Maoni Juu ya Sehemu ya Pili

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na mvua iliipiga Kisangani kana kwamba ina kisasi nayo. Nadège alikimbia kutoka sokoni, akajisitiri katika ukumbi wa michezo ya video wa tonton Hubert, mzee ambaye mtaa wote humwita mjomba. Libaya lake la kijani, blauzi ya kitenge, lilikuwa limemganda mwilini. Ndani jenereta ilinguruma, vijana walijazana mbele ya televisheni, na mmoja wao, mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, alikuwa akibishana na kila mtu.

Aliitwa Timothée. Ubishi ulihusu mchezo wa wachawi na majoka, sehemu ya pili, ambayo waundaji wake walikuwa wameiuza kabla haijakamilika ili wachezaji watoe maoni kazi ikiendelea. Wengine waliisifu ramani yake kubwa. Timothée alilalamika kwamba farasi huzama ardhini na kwamba mwenzi mpya wa safari hana la kusema. Alipokuwa akiyaandika hayo kwa Kifaransa kwenye simu, Nadège, aliyekuwa akichungulia begani kwake, alimwambia kwa upole kwamba makosa yake yamezidi maneno yake.

"Bon, madame, kaa basi uandike weye," alisema Timothée, akampisha kiti.

Aliketi. Mvua ilipokatika, hakuondoka.

Tangu siku hiyo ukawa utaratibu. Wachezaji walitoa maoni kwa Kiswahili, simu ya Timothée ikirekodi. Timothée alimtumia Nadège rekodi, naye aliyasikiliza kwao, mtaa wa Mangobo, akayageuza Kifaransa. Jumamosi iliyofuata aliwasomea, jina kwa jina, na kila mmoja alithibitisha yake kabla hayajatumwa kwa waundaji. Kati ya rekodi na rekodi mapenzi yalikua. Timothée alipiga simu asubuhi kuuliza kama amekula, na jioni kuuliza kama bado ni mrembo. Nadège alimjibu kwamba urembo umekatika pamoja na umeme, ajaribu kesho. Hakumwambia mtu kwamba simu hiyo ikichelewa, chakula kilimshinda.

Baba yake alikubali kuwapokea wajomba wa Timothée Jumapili moja ya Januari, waje na posa.

Wiki ya ugeni huo Nadège alisikiliza rekodi mpya huku ndizi za lituma, zile za kuponda, zikichemka. Maoni yalikwisha, lakini hakuna aliyekumbuka kuzima simu. Ikasikika sauti ya Bilali, rafiki mkubwa wa Timothée, ikimtania.

"Na ya pili yako ya nyumbani, Timo? Toa avis, toa maoni."

Watu walicheka. Kisha ikaja sauti ambayo Nadège aliipenda kuliko zote.

"Claudine alikuwa anacheka, anaimba, unasahau njaa. Huyu wa pili iko muzuri kwa kuangalia, français yake iko bien, lakini mazungumuzo inakosa. Wa kwanza alikuwa bora. Mais nimeisha kulipa mbele bamalize kutengeneza, sawa huu muchezo, donc nangoja tu."

Claudine, mpenzi wa kwanza, alikuwa amemwacha Timothée na kuteremka mto kwa boti hadi Kinshasa. Timothée alimtaja mara moja tu, kwa kifupi, kama mtu anavyotaja homa aliyokwisha kupona. Nadège aliirudia rekodi mpaka ndizi zikaungua.

Jumamosi, siku moja kabla ya ugeni, alivaa kitenge kipya cha manjano, akaingia ukumbini na kusimama mahali pake. Alisoma maoni ya Bilali juu ya majoka. Alisoma ya tonton Hubert juu ya bei. Alisoma ya Timothée juu ya farasi, kisha, bila kubadili sauti, akaendelea na yaliyofuata, kuanzia jina la Claudine hadi neno la mwisho.

Hakuna aliyecheka. Bilali alijaribu kusema kwamba yalikuwa masihara.

"Sikukuuliza weye," alisema Nadège. "Timo, nimeandika sawa? Nitume?"

Timothée alitazama sakafu. Nadège aliona jasho likimtoka, akaona kwamba linamfurahisha, na hakumwonea huruma.

"Batu banangoja. Iko sawa?"

"Iko sawa," alisema Timothée.

Timothée alimpigia simu mchana kutwa. Alipopokelewa hatimaye, alilia, akaapa kwamba alitaka tu kuwachekesha wenzake, akaomba waonane. Walikutana kabla ya machweo karibu na daraja la Tshopo, maji yakinguruma chini yao. Timothée alimshika mkono, na Nadège, ambaye alikuwa ameazimia kuunyima, aliuacha ushikwe. Alimwambia kwamba masihara anayasamehe. Timothée alimbusu vidole, akamwita chérie, na kwa kitambo kidogo kesho ilikuwa imerudi mahali pake.

"Kitu kimoja tu," alisema Nadège. "Claudine akifika leo na boti, akuite, utafanya nini?"

Timothée aliugeuzia mto uso.

"Nitaenda kumusalimia."

"Kumusalimia tu?"

"Sijui, Nadège."

Nadège alirudisha mkono wake. Alimwambia kwamba kesho wajomba wake wasije.

"Lakini Claudine hatarudi," alisema Timothée. "Sasa nitabakia na nani?"

Hakuna neno katika ile rekodi lililomuumiza Nadège kama hilo. Alimtazama uso, shati na viatu, polepole, kama mtu anayekagua kitu alichokataa kununua.

"Ndiyo vile unajua kupenda?" aliuliza. "Claudine alikimbia, na nilikuwa namulaumu. Alikuwa na akili."

Akasimamisha pikipiki, akapanda.

Jumapili Bilali alipeleka ujumbe kwa wajomba kwamba safari imevunjika. Baba yake Nadège alivua koti lake jipya, akaenda kuwatuliza majirani waliokwisha kualikwa. Mama yake aligawa chakula. Tonton Hubert alifungua ukumbi kama kawaida. Nadège alilala hadi mchana, akaamka, akafua kile kitenge cha manjano na kumpa dada yake. Timothée aliitafuta namba ya zamani ya Claudine, akaipiga. Mwanamume aliitikia, akauliza ni nani. Timothée alisema amekosea namba.