Magunia Chini ya Daraja

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wanafunzi wa Klabu ya Barabara walifuatana na Mwalimu Chepkemoi hadi mtoni. Nakhungu ndiye aliyebeba mwanzi wa kupimia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mrefu kuliko wenzake wote wa Gredi ya Sita, na kazi hiyo aliionea fahari kupita kiasi. Mtu akijaribu kumsaidia kuubeba, alinuna mpaka jioni.

Njiani walihesabu mashimo yaliyokuwa kwenye lami. Walipofika darajani, Nakhungu alivua viatu, akashuka taratibu na kusimama kwenye ukingo wa zege chini ya nguzo ya katikati. Hapo aliuteremsha mwanzi majini hadi ukagusa chini. Mwanzi huo ulipakwa rangi tatu: kijani karibu na mwisho wake, manjano katikati, na nyekundu juu. Kadiri mto ulivyochimba chini ya nguzo, ndivyo mwanzi ulivyozama zaidi. Rangi iliyolingana na mstari mweupe kwenye nguzo ndiyo iliyoandikwa kwenye ubao wa shule, pale langoni, ambapo kila mzazi aliweza kuiona.

Mpango huo uliletwa mwanzoni mwa mwaka na Injinia Sandra kutoka ofisi ya barabara. Aliwaita wazazi na wanafunzi pamoja, akasema nao bila kuzungukazunguka.

"Ugonjwa wa daraja huanzia chini, mahali ambapo hakuna anayetazama," alisema. "Kwa hiyo tutapima kila mwezi. Lengo letu ni kwamba kufikia Desemba, mashimo kati ya shule na soko yapungue kwa nusu, na daraja hili lisiingie rangi nyekundu. Likiingia nyekundu, trekta na malori yatasimama hadi tulitengeneze."

Watu walipiga makofi. Lengo likiwa mbali, kila mtu hulipenda.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kijani. Kisha mvua za masika zikaja kwa nguvu, na rangi ikawa manjano. Mwezi wa Septemba ulipokwisha, Nakhungu aliuteremsha mwanzi, ukazama, ukazidi kuzama. Manjano ilikuwa imebaki upana wa kidole tu juu ya mstari ule mweupe.

"Mwezi ujao itakuwa nyekundu," rafiki yake Jeruto alinong'ona.

Jioni hiyo Mzee Kemboi, mwenyekiti wa kamati ya barabara, alifika nyumbani kwa kina Nakhungu. Baba yake Nakhungu, Wakoli, alikuwa akipaka trekta grisi uani. Wakati wa mavuno yeye ndiye aliyebeba mahindi ya kijiji kizima hadi Kachibora, na kutoka huko wafanyabiashara wakayapeleka Kitale.

"Baba Nakhungu, umeona ubao?" Mzee Kemboi aliuliza.

"Nimeona, mzee."

"Ati nyekundu! Wakati wa mavuno! Si tutayabeba mahindi kichwani sasa?"

Wakoli alifuta mikono kwa kitambaa. "Mwanzi unazama kwa sababu kuna shimo," alisema polepole. "Shimo likijazwa, mwanzi hautazama. Ni hivyo tu, bana."

Jumamosi iliyofuata kijiji kizima kilishuka mtoni. Mwalimu Chepkemoi alikuwa amekwenda kwao Mlima Elgon, na hakuna aliyeona haja ya kumngoja. Wanaume walijaza magunia ya zamani ya mbolea kwa udongo na mchanga. Wanawake waliimba. Watoto walipasiana makarai, Nakhungu akiwa miongoni mwao, matope hadi magotini. Gunia moja baada ya jingine lilitumbukizwa chini ya nguzo. Ilikuwa harambee nzuri sana, yenye chai na mahindi ya kuchoma, na ungewaona ungedhani wanajenga kanisa.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta!" Mzee Kemboi alisema kwa sauti, na watu wakacheka kwa furaha. Wengine waliamini kabisa kwamba walikuwa wametengeneza daraja.

Injinia Sandra alipokuja kukagua, alimwomba Nakhungu apime mbele yake. Maji yalikuwa ya kahawia, hayaonyeshi kitu. Nakhungu aliuteremsha mwanzi. Ulisimama upesi, mwanzoni kabisa mwa manjano. Lakini chini pale hapakuwa pagumu. Mwanzi ulibonyea kidogo, kama kidole kwenye unga uliokandwa.

"Ajabu," injinia alisema. "Mwezi uliopita ilikuwa karibu na nyekundu. Wakati mwingine mto hurudisha udongo wenyewe. Chini hapo unagusa nini, Nakhungu?"

Nakhungu aliinua macho. Baba yake alikuwa amesimama juu ya daraja pamoja na wazee. Hakumtikisia kichwa wala kumkonyeza. Alimtazama tu.

"Ardhi," Nakhungu alijibu.

Injinia aliandika manjano. Wazee walimpa mkono kwa zamu. Siku hiyo Nakhungu alinunuliwa soda, lakini aliiacha nusu chupa.

Mavuno yalianza. Trekta ilikwenda na kurudi, na ubao langoni ulisema kwamba lengo lilikuwa likielekea kufikiwa. Katikati ya Novemba mvua kubwa ilinyesha huko juu Cherangany, mto ukajaa. Magunia yalipasuka moja moja kule chini, na udongo wote uliosombwa kwa nyimbo ukaenda na maji. Juu ya daraja hakuna aliyejua. Asubuhi lilionekana vilevile kama jana yake.

Wakoli alikuwa akivuka na trela iliyojaa mahindi wakati nguzo ya katikati ilipozama. Shuleni walisikia kishindo, kisha kelele za akina mama. Nakhungu alikimbia bila kuomba ruhusa. Alikuta daraja limevunjika katikati, trela imelala kwenye maji, magunia ya mahindi yakielea, na watu wakivuta kitu kutoka chini ya gurudumu la trekta. Kitu hicho kilikuwa baba yake. Alikuwa akilia kama mtoto mdogo.

Walimbeba kwa shuka hadi ng'ambo ya pili. Hospitalini Kitale, madaktari walifanya walichoweza, na walichoweza ni kuyaokoa maisha yake. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Baada ya hapo kijiji kilikaa kama nyumba yenye msiba. Hapakuwa na lori lililoweza kufika. Mahindi yaliyokuwa uani yalinyeshewa, yakaota kuvu, na watu waliyatazama tu. Walimu walioishi ng'ambo waliacha kuja. Mama yake Nakhungu alipika chakula ambacho hakuna aliyekila. Nakhungu mwenyewe alilala na kuamka na neno moja, ardhi, na kila alipolikumbuka alitamani kufa. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, nao wote walikuwepo?

Siku moja Mwalimu Chepkemoi aliwaambia habari ambayo wengine waliipokea kwa shangwe. "Wajenzi wanakuja," alisema. "Injinia Sandra atatumia vipimo vyetu vya mwaka mzima kujua msingi wa nguzo mpya ufike wapi. Mmeona faida ya kazi yenu?"

Nakhungu hakushangilia pamoja nao. Nguzo mpya ingesimamishwa juu ya kipimo cha magunia. Ingesimama mwaka mmoja, pengine miwili, kisha ingezama, na mtu mwingine angekuwa juu yake.

Aliporudi nyumbani alimweleza mama yake. Mama alisikiliza huku akikunja kanga ile ile mara kadhaa, kisha akamwita Mzee Kemboi. Mzee alikuja upesi.

"Mtoto asiseme kitu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya uchovu, si ya ukali. "Wakijua tuliwadanganya, watatuacha bila daraja. Na mahindi yaliyobaki je? Mama Nakhungu, tumeumia ya kutosha."

Mama aliogopa. Keshoye asubuhi alimfungia Nakhungu nguo kwenye mfuko. "Utakaa Bungoma kwa shangazi yako Edah," alisema, "mpaka injinia aje na kuondoka. Ukirudi, yatakuwa yamepita."

Walivuka mto kwa kamba na mbao, wakafika Kitale adhuhuri, wakapita hospitalini kumwona mgonjwa kabla ya kushika safari ya Bungoma. Wakoli alikuwa amelala akitazama ukuta. Ndevu zilikuwa zimemwota, na blanketi lilikuwa tambarare mahali ambapo mguu ungekuwa. Nakhungu aliogopa kutazama hapo.

"Baba, wanajenga nguzo mpya," alisema. "Watafuata kipimo changu."

Wakoli alivuta blanketi hadi kidevuni.

"Baba, kile kipimo ni cha uongo."

"Nani mwingine anajua?" Wakoli aliuliza, bado akitazama ukuta.

"Wote wanajua."

"Na nani atasema?"

Nakhungu alifikiria wazee, akina mama walioimba, watoto waliopasiana makarai. "Hakuna," alijibu.

Mabega ya baba yake yalianza kutikisika. Alilia bila sauti, kwa muda mrefu, na mama akatoka nje kwa sababu hakuweza kuvumilia. Alipoingia tena, Wakoli alikuwa amegeuka.

"Mama Nakhungu," alisema, "Bungoma haendi. Mrudishe."

Injinia Sandra alipofika, kijiji chote kilikusanyika ukingoni. Nakhungu alisimama mbele yao, ameshika mwanzi.

"Nilikwambia chini ni ardhi," alisema. "Haikuwa ardhi. Ilikuwa magunia. Tuliyatia sisi."

Watu walianza kunung'unika. "Huyu mtoto ametuuza," mwanamke mmoja alisema. Mzee Kemboi alivaa kofia yake na kuondoka bila kumwangalia mtu. Mwalimu Chepkemoi alikuja akasimama kando ya Nakhungu, akamshika bega.

Injinia Sandra alikaa juu ya jiwe. Alionekana ghafla kama mtu aliyezeeka. Alikuwa ameandika manjano kwa mkono wake mwenyewe, na mtu alikuwa amepoteza mguu.

"Nionyeshe," alisema hatimaye. "Mwanzi ulipaswa kuzama hadi wapi?"

Nakhungu aliweka kidole kwenye nyekundu.

Wajenzi walichimba upya na kukuta udongo laini kwenda chini zaidi ya walivyotarajia. Msingi ungelazimika kushuka mpaka kwenye mwamba, na kazi isingekwisha kabla ya mavuno kupita. Kwa muda, watu wangepata kivuko cha miguu tu. Malori hayangepita msimu huo. Kwa hiyo ukweli wa Nakhungu ulileta hasara, na hapana haja ya kuwaficha wasomaji jambo hilo. Mahindi mengi yaliharibika. Kwenye mashine ya kusaga, wanawake waliacha kumsalimu mama yake. Jeruto alikatazwa kukaa naye darasani. Kwenye ubao wa langoni, Mwalimu Chepkemoi alifuta manjano ya uongo na kuandika nyekundu, na chini yake: Lengo halikufikiwa.

Wakoli alirudi nyumbani kwa magongo. Siku wajenzi walipoufikia mwamba, aliomba apelekwe mtoni, na Mwalimu Chepkemoi akaja na wanafunzi wote wa klabu. Hata Mzee Kemboi alikuwepo, amesimama mbali kidogo. Saruji ilikuwa ikimiminwa, na hapakuwa na aliyeimba.

"Wanangu," Wakoli aliwaambia, "tulipewa lengo la kuliokoa daraja, sisi tukaiokoa rangi. Tulisema tunaziba ufa. Kuziba ufa ni kuutengeneza. Sisi tuliufunika ili asiuone mtu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mkipewa kazi ya kupima, semeni mlichokikuta, kiwe kizuri au kibaya. Kibaya kikisemwa mapema huwa bado ni kidogo."

Mzee Kemboi alivua kofia. Alikuja akasimama karibu nao.

Watu walipoanza kuondoka, Nakhungu alibaki kando ya baba yake. Kulikuwa na swali ambalo lilikuwa likimla kwa wiki nyingi.

"Baba," aliuliza, "kama ningesema siku ile ile, ungenikasirikia?"

Wakoli aliegemea magongo yake.

"Ningekasirika sana," alisema. "Lakini ningekasirika nikiwa nimesimama kwa miguu miwili."