Balbu Zilizozimika Makindu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, skrini ya kompyuta haikuonyesha namba yoyote ya joto. Ndunge, mwanafunzi wa gredi ya saba, alikuwa ameingia kuongeza maji katika mashine ya mjomba wake ya kutotolesha vifaranga, kama alivyofanya kila siku kabla ya shule. Balbu zote za mashine, ambazo kompyuta huziwasha ili kuyapa mayai joto, zilikuwa zimezimika. Kipimajoto cha kioo kilichoning'inia ndani kilisoma nyuzi thelathini na tano. Mayai ya majirani, yaliyobakiza siku mbili kuanguliwa, yalihitaji thelathini na saba na nusu.

"Mjomba!" aliita.

Mjomba Mbaluka alikuja bila viatu. Aliketi kwenye kompyuta, akatazama.

"Stima ilikatika alfajiri. Iliporudi, kompyuta iliwaka na kaneli mpya," alisema. Kaneli ndiyo kiini cha mfumo wa kompyuta. Programu ndogo iliyowasha balbu, iitwayo moduli, ilitengenezwa kulingana na kaneli iliyokuwapo. Kaneli ikibadilika, moduli lazima ijengwe upya. Kaneli ya zamani ilikuwa imeshafutwa, kwani diski ilikuwa ndogo.

Mjomba aliandika amri ya kuijenga upya moduli. Skrini ikajaa mistari ya makosa.

"Inasema kuna faili hazipatikani. Jana ulimaliza kusasisha kompyuta?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Zote ziliingia?"

"Zote."

"Basi moduli yenyewe ndiyo imepitwa na wakati." Alifungua programu, akaanza kuisoma mstari kwa mstari. Ilikuwa ndefu.

Mulei, binamu yake Ndunge, aliingia na chupa za maji moto, akazipanga chini ya trei.

"Ndunge, si uwaimbie hawa vifaranga?" alisema. "Jana ulikuwa na kwaya nzima kwenye simu."

"Nyamaza, wewe!"

"Aiya! Nimekosea wapi?"

Mjomba hakugeuka. Kipimajoto kilisoma thelathini na nne, kisha thelathini na tatu na nusu. Maji ya chupa yalikuwa yakipoa. Ndani ya mayai hakukusikika chochote.

"Vifaranga wakipoa zaidi, watafia ndani ya maganda," Mjomba alisema polepole. "Na hii programu sioni kosa lake."

Ndunge alilijua kosa. Bando la intaneti alilopewa kwenye simu lilikuwa la kusasisha kompyuta tu. Yeye alipakua kwanza video za kwaya, kwa sababu Jumapili kwaya yao ingeshindana mjini Wote. Kaneli ilipoingia, bando likaisha. Onyo lilitokea, naye akalifunga.

"Mjomba, usisome tena," alisema. "Bando liliisha. Kuna faili hazikuingia. Nilipakua nyimbo."

Mulei alitazama sakafu.

Mjomba alifungua folda ya faili za vichwa, zile zinazoieleza moduli jinsi kaneli mpya ilivyo. Ilikuwa tupu. Aliunganisha kompyuta na simu yake, akazipakua, akarudia amri. Safari hii hakukuwa na kosa. Balbu ziliwaka pamoja. Kipimajoto kilisoma thelathini na mbili.

"Kosa la kompyuta lilijiandika kwenye skrini," Mjomba alisema. "Lako lilikuwa kichwani mwako, na sikuwa na njia ya kulisoma. Nilikuuliza mara mbili. Ungenijibu ukweli mara ya kwanza, ningejua pa kutafuta. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Nisamehe, Mjomba."

"Nimekusamehe. Sasa nenda shule."

Jioni joto lilikuwa sawa. Mjomba alifunga mlango ili kuwe na giza, akamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine, Ndunge akiwa kando yake. Katika trei ya juu, vivuli vya vifaranga vilitikisika ndani ya maganda. Katika trei ya chini, ambako baridi ilizidi, hakuna kilichotikisika.